Tupeane uzoefu: mliowahi kujitolea kwenye kliniki za meno za kanisa

Mwanzisha mada, Arusha

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi si daktari, ni mwalimu wa shule ya msingi. Jumamosi najitolea kwenye kliniki ya meno ya usharika wetu huku chini ya Mlima Meru: naandika majina, napima presha, naosha vifaa kabla havijatakaswa kwa mvuke, na namshika mkono anayeogopa sindano ya ganzi.

Watu wetu wanafika wamechelewa. Jino linaanza kuuma wakati wa kupanda, mtu anatia karafuu, ananunua dawa ya maumivu dukani, linatulia. Anakuja kwetu wakati wa mavuno shavu limevimba, na hapo hakuna cha kuziba tena, ni kung'oa.

Kinachoniumiza zaidi ni meno ya kahawia. Maji ya huku yana floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo vyetu vinavyopita hapo mara kadhaa. Floraidi inaliharibu jino likiwa bado linajengeka ndani ya fizi, utotoni, kwa hiyo lile doa huwezi kulitoa kwa mswaki hata usugue vipi. Na kuchemsha maji hakusaidii kabisa: maji yanapungua, floraidi inabaki. Nalirudia hili kila wiki, kwa sababu akina mama wengi wanachemsha wakiamini wanamkinga mtoto. Magadi ya kulainishia maharage nayo yanaongeza tatizo.

Juzi alikuja binti wa kidato cha tatu. Muda wote aliongea kiganja kikiwa mdomoni. Hakuwa na jino linalouma, alitaka tu meno "yasafishwe". Tabibu akamweleza taratibu kwamba rangi ile imo ndani ya jino lenyewe, kwamba meno ya mbele yanaweza kufunikwa, ila sisi vifaa hivyo hatuna. Binti akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na mdogo wangu? Ana miaka miwili."

Ndiyo maana nimeandika. Kung'oa tunaweza. Nyie wenzangu, mnafanya nini zaidi ya kung'oa?

Mchangiaji, Nakuru

Huyo wa miaka miwili hajachelewa, mwalimu. Meno yake ya ukubwani ndiyo kwanza yanajengeka. Shida ni hiyo hiyo huku Bonde la Ufa. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianzisha vichujio vya mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru, inavunjwavunjwa, maji yakipita humo floraidi inanaswa. Cha nyumbani ni ndoo tu yenye bomba. Ila mkaa unachoka, na usipobadilishwa unakunywa maji yale yale ukidhani yamechujwa. Lazima awepo mtu wa kufuatilia.

Halafu kuna mvua. Paa la kanisa ni kubwa kuliko la nyumba yoyote kijijini. Sisi tuliweka mifereji na tangi, na tukakubaliana kuwa wenye watoto wadogo wanachota kwanza, ya kunywa na kupikia tu.

Muuguzi mstaafu, Dodoma

Asante kwa mada hii. Mimi nafanya kazi zaidi na mabibi kuliko na meno. Kwenye zahanati ya parokia ninapojitolea, tatizo kubwa kwa wachanga ni "meno ya plastiki". Mtoto akiharisha na kupata homa, anapapaswa fizi, vinakutwa vinundu vyeupe sehemu ya chonge, basi anapelekwa kwa fundi anayevichokoa kwa wembe au spoku ya baiskeli. Vile vinundu ni chonge za utotoni zinazojiandaa kuota. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, wengine pepopunda, na wapo wanaokufa. Anayepona, chonge zake za ukubwani zinaweza kuota zimeharibika. Na kuharisha kwenyewe kunakuwa bado hakujatibiwa!

Kumkaripia mama mtoto ni kupoteza muda, kwa sababu uamuzi si wake. Siku ya kliniki ya watoto namwomba bibi akae karibu yangu. Namwamkia, kisha namwomba aoshe mikono anipapasie fizi za mtoto mwingine, mzima, anayecheka. Kidole chake kinavikuta vinundu vile vile. Namwuliza: "Bibi, huyu anaharisha?" Wengine wanakaa kimya muda mrefu. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba wajukuu wake wawili walipelekwa kwa fundi. Sikumwongezea neno siku hiyo, nilimpa tu pakiti za maji ya chumvichumvi aende nazo nyumbani. Sasa anawaleta wenzake.

Mchangiaji, Tanga

Mimi ni Muislamu na nimejitolea kwenye zahanati ya masista bila tatizo lolote. Foleni ni moja, anayeumwa zaidi anatangulia. Ramadhani wengi huahirisha mpaka baada ya Iddi, kwa hiyo masista wakakubali kufungua jioni kwa wale ambao maumivu hayavumiliki.

Mchangiaji, Kentucky (kwetu ni Uvira)

Wandugu, hata huku Marekani haya mambo yako. Bima ya serikali ya wazee, ile ya msingi, haigharamii matibabu ya kawaida ya meno, na kwa watu wazima wenye kipato kidogo inategemea jimbo unaloishi. Baba wa kwetu anafanya kazi usiku kiwandani na jino bovu. Akikimbilia dharura hospitalini anapewa dawa ya maumivu na antibiotiki, anarudi na bili, jino likiwa pale pale. Kanisa letu liko na kliniki ya meno, na mimi natafsiri. Jambo tulilojifunza ni kumpigia mgonjwa simu kesho yake. Anaitika kwa sauti ya chini: "Damu haijakata, naogopa kusumbua." Bila ile simu asingesema.

Tabibu wa meno, Mbeya

Mwalimu, umeuliza nini zaidi ya kung'oa. Jibu ni kuziba mapema, na umeme hauhitajiki. Mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa glasi ayonoma (aina ya saruji ya meno) iliasisiwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe duniani kote. Inafaa kwa tundu ambalo halijafika kwenye mshipa, na mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Glasi ayonoma imo kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu tangu 2021, kwa hiyo mkiomba msaada iombeni hiyo kabla ya kiti cha kisasa. Anzeni na darasa lako, huko ndiko matundu bado ni madogo.

Na tafadhali wote: mgonjwa mwenye uvimbe chini ya taya, anayeshindwa kumeza au kufungua mdomo, asisubiri foleni ya kliniki. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Mwanzisha mada, Arusha

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Tabibu, nimeongea na mwalimu mkuu, amekubali tuwapime watoto wa darasa la pili na la tatu kwanza. Naomba unielekeze orodha ya vifaa vya mkono. Na wewe wa Nakuru, tangi lenu ni la lita ngapi, na ufunguo wa bomba anakaa nao nani? Kamati yetu inakutana Jumatano.