Kocha, video ya simu, ndoo za mipira au raundi nyingi: kipi kinampandisha mchezaji wa gofu wa ridhaa?

NyasiFupi:
Wakuu, habari zenu. Nacheza gofu ya ridhaa na hendikapu yangu (kipimo cha uwezo, ikiwa ndogo ndivyo mchezaji alivyo bora) imegota 22, haishuki. Kinachoniumiza zaidi ni draiva, fimbo ya mapigo marefu ya kuanzia shimo: mpira unatoka vizuri, umeelekea katikati kabisa, halafu ukifika mbele unapinda kulia na kuishia vichakani. Nina jioni chache za mazoezi kwa wiki na uwezo wa kulipia kitu kimoja tu kwa sasa. Nimewaza njia nne: masomo kwa kocha, kujirekodi kwa simu na kujisahihisha, kununua ndoo za mipira nipige mpaka mwili uzoee, au niache yote hayo nicheze raundi nyingi zaidi. Naomba mnilinganishie, hasa mliopitia njia zaidi ya moja.

MamaWeji:
Ndugu yangu, kocha. Sababu ni kwamba unachohisi mwilini sicho kinachotendeka. Mtu anaambiwa fimbo yake inashuka kutoka nje kuja ndani, yaani kutoka mbali na mwili kuja upande wa miguu yake, naye anaapa kwamba sivyo. Jicho la pili linamaliza ubishi huo mara moja.

Kocha mzuri atatazama mikono yako kabla ya kitu kingine chochote. Kama unapiga kwa mkono wa kulia, simama kwenye mpira utazame chini: je, unaona vifundo viwili vya vidole vya mkono wa kushoto? Ukiona kimoja au usipoona hata kimoja, mshiko wako ni dhaifu na uso wa fimbo huwa unachelewa kufunga. Usihangaike sana na aina ya mshiko. Harry Vardon, aliyeshinda The Open, shindano kubwa la Uingereza, mara 6, alilaza kidole kidogo juu ya mkono mwingine. Mabingwa Jack Nicklaus na Tiger Woods wamefungamanisha vidole. Yote inafanya kazi, muhimu ni mikono imegeukia wapi.

Ila kocha akibadilisha vitu vitano katika somo moja, tafuta mwingine.

MkonoWaKushoto:
Namheshimu MamaWeji, lakini kocha si lazima. Bubba Watson ameshinda Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu, mwaka 2012 na tena 2014, na anajulikana kwa kukua bila masomo rasmi. Jim Furyk naye: fimbo yake inapanda kwa kitanzi ambacho hakuna kocha angemfundisha mtoto, lakini alishinda US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 akamaliza raundi moja ya PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa Marekani, kwa mapigo 58 tu. Mpira haujui swingi yako, yaani namna unavyozungusha fimbo, inapendeza au haipendezi, unajua sekunde ile tu ya kugongwa.

Mimi nimenufaika zaidi na simu. Fimbo inashuka kwa takriban robo sekunde, na jicho haliwezi kuifuatilia. Simu nyingi sasa hurekodi picha 240 kwa sekunde, kwa hiyo unapata picha kama 60 za safari hiyo ya kushuka. Lakini zingatieni mahali pa kuiweka! Simu iwe kwenye kimo cha mikono yako, nyuma yako, ikitazama unakopiga kwa mstari unaopita mikononi. Ukiisogeza kidogo kushoto au kulia, njia ya fimbo itaonekana tofauti kabisa na ilivyo, nawe utaanza kutibu ugonjwa usiokuwapo. Halafu rekodi tena kutoka mbele, ukionekana kifua. Video mbili hizo zinatosha.

FizikiaYaMpira:
Wadau, kabla ya kumshauri NyasiFupi alipie nini, tusome alichoandika. Amesema mpira *unatoka umeelekea katikati*, kisha unapinda kulia. Maelezo hayo yana thamani kubwa.

Zamani tulifundishwa kwamba mpira unaanza kule fimbo inakokwenda, kisha unapinda kuelekea kule uso wa fimbo ulikotazama. Vifaa vya rada vimeonyesha kinyume chake. Mwelekeo wa kuanzia unaamuliwa zaidi na uso wa fimbo wakati wa kugonga, na kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ya fimbo. Mpira wake ukianza katikati, uso wake uko karibu sawa. Njia ndiyo inayokata kwenda kushoto. Akifunga uso zaidi bila kugusa njia, mpira utaanza kushoto. Kwa hiyo hapa nampinga MamaWeji: tatizo la kwanza si mikono.

Kingine, angalia unagongea wapi. Puliza poda nyepesi usoni mwa draiva, piga mipira michache, tazama alama. Ukigongea upande wa kisigino, karibu na mti wa fimbo, kichwa kinajipinda kidogo na kuupa mpira mzunguko wa kwenda kulia hata kama swingi yako haina kasoro. Kuna watu wamebadilisha swingi nzima kumbe walihitaji kusogea nyuma kidogo tu.

MamaWeji:
FizikiaYaMpira, kuhusu uso na njia nakubaliana nawe. Lakini jiulize kwa nini njia inakata kushoto. Mwenye mshiko dhaifu huona mpira ukienda kulia kila siku, na mwili wake unajifunza wenyewe kuvuta fimbo kushoto ili kuuokoa. Hiyo njia mbovu mara nyingi imezaliwa na mshiko. Ukirekebisha njia na kuacha mshiko, mpira utaanza kulia na kuendelea huko huko. Ndiyo maana nasema aende kwa mtu anayeweza kuona vyote viwili kwa pamoja.

FizikiaYaMpira:
Hapo umenena. Basi apige picha ya mikono yake na apulize poda, kisha aende kwa kocha akiwa na habari hizo mkononi. Somo la kwanza halitapotea kwa kukisia.

ShimoLa18:
Mimi nizungumzie ndoo, maana naona wengi wanadanganyika nazo. Kupiga ndoo nzima kwa aironi 7, fimbo ya chuma ya umbali wa kati, kuelekea bendera ile ile kunakupa raha, na mpira wa ishirini utatoka vizuri. Tatizo ni kwamba uwanjani hupati mpira wa ishirini. Unapata mmoja, kisha unatembea, unabadilisha fimbo, umbali ni mwingine na ardhi imeinama. Mafunzo ya viungo yanajulikana kwa hili: kurudia kitu kimoja kunaonekana kufanya kazi siku ile ile, ila kuchanganya ndiko kunakobaki mwilini. Kwa hiyo ukishaelewa unachorekebisha, kila mpira ubadilishe fimbo na ubadilishe shabaha. Cheza raundi ya kufikirika: draiva, aironi, weji (fimbo ya mapigo mafupi), kisha draiva tena. Itakukera mwanzoni.

Na jihadhari na zulia la kupigia mazoezini. Fimbo ikigonga chini kabla ya mpira, kwenye zulia inateleza na mpira unaruka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye nyasi mpira huo huo ungefia njiani. Ukipata uwanja wenye nyasi, tazama kipande cha udongo kilichong'oka: kwa aironi kinapaswa kuanza mbele ya mahali mpira ulipokuwa. Kama huna nyasi, laza taulo nyuma ya mpira, umbali wa kiganja hivi. Ukiligusa, umechimba.

Kedi_wa_Zamani:
Salaam wakuu. Nimebeba mifuko ya watu wengi, na jambo moja huwa linanisikitisha: mchezaji anafanyia mazoezi kile anachokipenda badala ya kile kinachompotezea mapigo.

Wengi husema fanya mazoezi ya kuputi, yaani kuusukuma mpira shimoni ukiwa kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo), kwa sababu uwanja wa pari 72, yaani uliokadiriwa mapigo 72, umetenga mapigo 36 ya grini, yaani nusu. Hesabu hiyo ni kweli, lakini inapotosha. Mark Broadie, profesa wa Columbia ambaye kazi yake ndiyo msingi wa takwimu ambazo PGA Tour walianza kuzitumia kwa kuputi mwaka 2011, alionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji inatoka kwenye mapigo marefu. Kwa NyasiFupi si ajabu. Mpira wa draiva ukipotea kichakani, una dakika 3 tu za kuutafuta. Usipouona, unaongezewa pigo moja la adhabu, unarudi ulikotoka na unapiga pigo la 3. Umepoteza mapigo mawili kabla hata hujaliona shimo.

Kwenye grini msikazanie sana mstari, kazanieni umbali. Shimo lina upana wa milimita 108. Ukiwa mita 3, uso wa fimbo ukikosea digrii moja, mpira unapita sentimita 5 kutoka katikati, yaani unagusa ukingo tu. Hata mabingwa hukosa hapo. Lakini kuputi mara tatu karibu kila mara kunaanzia kwenye mpira wa kwanza uliobaki nyuma sana au uliopita mno.

Kuhusu raundi nyingi: zina faida ukiziandika. Kila shimo weka alama: draiva ilibaki salama? Uliputi mara ngapi? Kuna pigo la adhabu? Baada ya raundi chache kadi itakuonyesha pa kulipia.

NyasiFupi:
Asanteni sana, wote. Nimejitazama sasa hivi nikiwa nimeshika fimbo: naona kifundo kimoja tu. Kwa hiyo nalipia kocha, nikimpelekea video mbili alizosema MkonoWaKushoto na picha ya poda. Ndoo nitachanganya fimbo kama alivyoeleza ShimoLa18. Swali la mwisho: mazoezini huwa nalaza kijiti chini kuelekeza miguu, kwa sababu bila hicho nasimama nimetazama kushoto. Naruhusiwa kukilaza siku ya mashindano?

Kedi_wa_Zamani:
Hapana, mkuu. Kanuni ya 10.2b inakataza kuweka kitu chini kukusaidia kusimama, na ukishasimama kwa msaada wake, hata ukikiondoa kabla ya kupiga, adhabu ya mapigo mawili ipo pale pale. Simama nyuma ya mpira, chagua jani au kovu la nyasi lililopo tayari, mita moja hivi mbele kwenye mstari wako, kisha uelekeze uso wa fimbo hapo kwanza. Miguu ije baadaye.