Msumeno wa meza wa "HP 3" fensi yake hainyooki: hivi vitu nani anavipima kabla ya kutuuzia?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Nina karakana ndogo nyumbani, natengeneza makabati na meza. Kabla ya kununua msumeno wa meza nilikaa miezi mitatu nalinganisha. Nilisoma, nikatazama video, nikauliza mafundi. Kila mahali wimbo ni mmoja: HP (nguvu za farasi za mota) ngapi, bleidi inchi ngapi, stendi ina magurudumu au haina. Nikanunua. Jina la kampuni silitaji, maana hawa si peke yao.

Tuanze na boksi. Limeandikwa wati 1800, na juu yake kwa maandishi makubwa, HP 3. Chukueni kalamu. HP 1 ni wati 746, kwa hiyo HP 3 ni wati 2238. Mota inayokula wati 1800 inatoaje wati 2238? Hata isingepoteza wati moja kwa joto, isingefika HP 2.5. Hiyo 3 ni namba ya kilele, ya kitambo kidogo tu, siyo nguvu utakayopasulia mbao siku nzima. Wanajua hivyo, na bado wanaiandika kubwa kuliko jina lao.

HP ningesamehe. Fensi, ule ukingo ulionyooka unaouongoza ubao uende sambamba na bleidi, siwezi.

Wiki ya pili napasua ubao mgumu wa unene wa sentimita 4. Katikati ya ubao nikasikia harufu ya kuungua, mota ikabadilisha sauti, nikaona mstari mweusi upande wa fensi. Kabla sijafikia swichi ubao ukarushwa, ukanipiga nyonga. Bleidi ya inchi 10 ikizunguka mara 4800 kwa dakika, meno yake yanakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ningekuwa nimesimama nyuma ya ubao moja kwa moja, ungenipata tumboni.

Jioni nikachomoa waya, nikapima. Fensi nimeiweka sentimita 15, nimeifunga kwa mkono wake hadi ikalia "tak". Nikatia alama ya chaki kwenye jino moja la bleidi. Jino likiwa mbele, kutoka hapo hadi kwenye fensi ni milimita 150. Nikalizungusha jino lile lile hadi nyuma: 148 na nusu. Nikafungua fensi, nikafunga upya: 149. Tena: 148. Nimerudia mara kumi, kila nikifunga inakaa inapotaka yenyewe!

Asiyeelewa ubaya wake anisikilize. Fensi ikibana kwa nyuma, ubao hauna pa kwenda, unasukumwa kwenye meno ya nyuma, na meno ya nyuma yanapanda juu. Yanaunyanyua ubao na kuurusha kwako. Kilichoniokoa kidogo ni kile kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya bleidi na kupanda na kushuka nayo. Wengi wanakivua kwa sababu kinawasumbua. Msikivue.

Nikawaandikia watengenezaji, nikaweka picha za rula. Jibu: "Tofauti hiyo iko ndani ya kiwango." Kiwango gani? Kimeandikwa wapi? Nimefungua kitabu cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa, kuna namba ya HP, kuna uzito, kuna urefu wa waya. Fensi inaruhusiwa kupinda kiasi gani, hakuna hata mstari mmoja. Nimeuliza mara mbili zaidi, kimya.

Na nyie mnaotengeneza video za kulinganisha chapa, nanyi mna lenu. Dakika 20 mnapasua ubao mlaini na kusifia rangi, rula hamjaigusa. DeWalt wana misumeno ya kubebeka ambayo fensi yake inatembea kwa meno ya gia mbele na nyuma kwa pamoja. Ile misumeno mizito ya karakana mingi ina fensi ya umbo la T inayojiweka yenyewe pembe mraba kwenye reli ya mbele. Hizi ni njia mbili tofauti kabisa za kutatua tatizo langu, nami nimezijua baada ya kuumia.

Kuna watakaosema ningenunua msumeno wa SawStop. Ni kweli, breki yake inasimamisha bleidi chini ya milisekunde 5 ikigusa ngozi. Bosch nao walileta REAXX, msumeno wao wa kulinda vidole, ikazuiwa kuingia Marekani mwaka 2017 kwa kesi ya hataza, tukabaki na chaguo moja pungufu, na hilo nalo linaniuma. Lakini breki inangoja kidole. Ubao ukikurukia tumboni haina habari nao.

Sasa naomba kitu kimoja. Mwenye msumeno wa meza wa chapa yoyote, DeWalt, Makita, Bosch, Metabo HPT, achomoe waya, atie alama kwenye jino moja, afunge fensi mara tano, aandike hapa mbele ngapi na nyuma ngapi. Asiniandikie HP.