RX 580 inatoa vidoa vya rangi: fundi wa hoti, kadi ya mtumba, au pawa saplai kwanza?

Kijana wa Sakina
Wakuu, salaam. Mashine yangu ya mezani ni prosesa i5-10400F, kadi ya picha (graphics) RX 580 ya GB 8, pawa saplai ya wati 500 ile iliyokuja na kesi. Siku hizi nikifungua gemu, skrini inajaa vidoa vya kijani na zambarau vimejipanga kama ubao wa drafti, halafu inaganda. Mara nyingine kioo kinazima huku feni zinazunguka tu. Fundi mmoja hapa mjini anasema kadi imekufa, ataipiga hoti (ile mashine ya kupuliza hewa ya moto) iamke. Wa dukani anataka nichukue nyingine ya mtumba. Jamaa yangu anaapa ni pawa saplai. Hela niliyonayo inatosha kimoja. Mngekuwa nyie mngeanza na kipi?

fundi_kaloleni
Leo usianze na chochote kati ya hivyo. Vidoa vikitokea kabla haijaganda, bonyeza Print Screen (usipige kwa kamera ya simu), hifadhi picha, kisha ifungue kwenye simu. Ukiviona vidoa ndani ya picha, basi kebo na monita havihusiki. Picha ikiwa safi, badilisha kebo kwanza, hata ya kuazima. Halafu ingia BIOS (menyu ya mashine inayotangulia Windows) utazame. Kule dreva ya Windows (programu inayoiendesha kadi) haijaamka, kwa hiyo ukikuta uchafu hata huko, usihangaike kusakinisha dreva.

Kijana wa Sakina
Nimefanya, mkuu. Vidoa vimo ndani ya picha. BIOS ni safi kabisa. Dreva nimeifuta kwa DDU (programu ya kufuta dreva) nikiwa Safe Mode na kuweka upya, hali ni ileile.

fundi_kaloleni
BIOS safi isikupe moyo sana. Pale kadi haina mzigo wowote. Chomeka kebo ya monita kwenye mazabodi tuone mashine bila kadi.

Binti wa Rau
Kaka, prosesa yake, 10400F, haina kadi ya picha ya ndani. Hiyo F mwishoni ndiyo maana yake. Akichomeka kwenye mazabodi ataona giza na ataanza kulaumu mazabodi bure.

fundi_kaloleni
Kweli dada, imenipita. Basi aazime kadi ndogo. Hata GT 710 inatosha.

Binti wa Rau
Hapo ndipo naomba tubishane kidogo. GT 710 inakula wati 19, zote inazitoa kwenye sloti. RX 580 ni wati 185 na inataka waya wa pini 8 kutoka pawa saplai. Ukiweka hiyo ndogo mashine ikatulia siku nzima, umejua nini? Inaweza kuwa kadi mbovu, inaweza kuwa pawa saplai inayolegea mzigo ukipanda. Washtakiwa ni walewale wawili, na wewe umepoteza jioni.

Afadhali ufanye kinyume: chukua RX 580 uipeleke kwenye mashine nzima yenye pawa saplai ya kuaminika, uitwishe mzigo kule. Vidoa vikiifuata, kadi ndiyo yenye kosa. Isipovitoa, rudi ukanunue pawa saplai na hutajuta. Mimi niko Moshi, mashine yangu ina wati 650 na ile waya ya pini 8 ipo. Njoo Jumamosi.

Pesa ya Madafu
Na mimi niseme la kadi ya mtumba, maana watu wanalikimbilia. RX 580 nyingi zilizoko sokoni zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum mpaka uchimbaji ule ulipokoma Septemba 2022. Unaweza kumtoa mgonjwa ukamlaza mgonjwa mwingine. Halafu kuna 580 ya jina tu, ile 2048SP. Fungua GPU-Z (programu ya kusoma sifa za kadi) palepale dukani kabla ya kulipa: 580 kamili inasoma shaders (viini vya kuchora picha) 2304. Ukiona 2048, hiyo ni 570 iliyovaa koti la kaka yake. Muuzaji akikataa kuiwasha, aga kwa heshima.

Mzee wa Pasua
Kijana, hoti naijua, nimeishika miaka. Lehemu isiyo na ledi inayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Anayekupulizia chini ya hapo anapasha tu, anayepitiliza anaua na vilivyokuwa vizima. Kadi yako ina chipu 8 za kumbukumbu zimeizunguka ile chipu kubwa inayochora picha, na vidoa vilivyojipanga hivyo mara nyingi vinatoka huko. Fundi akiipima kwa programu, akakuonyesha chipu gani imelala, akabadilisha hiyo moja, mlipe bila kinyongo. Anayetaka kuipuliza yote bila kupima anakuuzia wiki chache tu.

Pesa ya Madafu
Na wale wa kuitia kwenye oveni ya mikate je, mzee? 😂

Mzee wa Pasua
Wale waendelee na mikate.

Kijana wa Sakina
Shikamoo mzee. Dada wa Rau, Jumamosi nakuja.

Binti wa Rau
Karibu sana. Usiifunge kwenye mfuko wa nailoni. Boksi kavu la karatasi linafaa kama huna ule mfuko wa kijivu wa kuzuia umeme tuli. Na feni uzipige brashi kabla hujaondoka, vumbi lako la Sakina libaki hukohuko.

Kijana wa Sakina
Mrejesho. Kwa dada, vidoa vimetoka vilevile, kwa hiyo pawa saplai yangu haina kosa. Joto halikuzidi nyuzi 74. Tukaingia kwenye programu ya Radeon, tukashusha kasi ya kumbukumbu kutoka MHz 2000 hadi 1750. Gemu likapigwa mpaka jua likazama, hakuna hata kidoa.

Mzee wa Pasua
Hiyo inaelekea ni kumbukumbu. Chipu kubwa ingekuwa na shida, mara nyingi kuishusha kumbukumbu kusingekusaidia.

fundi_kaloleni
Iache kwenye 1750 na hela yako iweke. Angalia pia ubavuni mwa kadi kama kuna kiswichi kidogo: nyingi zina BIOS mbili (hii ni ya kadi yenyewe, si ya mashine), na wachimbaji walikuwa wanachezea moja. Zima mashine kabisa ndipo ukigeuze, kisha jaribu tena kwenye 2000. Vidoa vikirudi, niletee Kaloleni niitafute hiyo chipu.

Kijana wa Sakina
Kiswichi kipo, mkuu. Umeme ukirudi nakigeuza.