Nataka kumwajiri kijana anayelala barazani, nianzie wapi?

Mama Mbaazi:
Hamjambo nyote. Mimi nauza mahamri na mbaazi za nazi Mwembe Tayari, hapa Mombasa, mwaka wa tisa huu. Nikifika kuwasha jiko saa kumi na nusu alfajiri, namkuta kijana mmoja keshakunja boksi lake la kulalia na keshafagia baraza. Hakuna aliyemtuma. Hunichotea maji mitungi minne, kisha husugua masufuria mpaka yang'ae. Nampa chai, mahamri mawili na shilingi 50. Juzi nikahesabu, ni miezi saba sasa. Huyu ni mfanyakazi wangu, na mimi namlipa kama mwombaji. Imeniuma.

Nataka nimpe shilingi 400 kwa siku, alfajiri hadi saa tano. Majirani wanasema ataniibia. Mwaka jana nilimchukua mwengine, akaja siku tatu, ya nne sikumwona. Nilimlaani moyoni. Baadaye nikaambiwa alizolewa kwenye msako wa usiku. Alipotoka akawa apita upande wa pili wa barabara kwa haya, nami nishaweka mtu mahali pake. Sitaki kukosea tena. Walioajiri watu wa mitaani, au waliotoka huko, nishaurini.

Hamali wa Marikiti:
Mamangu, mie nimelala nje miaka mitatu, mara Makadara, mara nyuma ya soko la Marikiti. Kazi tulikuwa nazo. Alfajiri nashusha magunia ya viazi, mchana naokota chupa na vyuma, jioni tuko kwenye mizani tukiviuza. Taabu ni usiku. Ukilala na pesa mfukoni utaamka huna pesa, na pengine huna viatu. Kwa hivyo nilikuwa nikiimaliza yote kabla ya magharibi, na watu wakisema tunatapanya.

Aliyenitoa ni mzee mwenye mikokoteni. Alinilipa kila siku, wala hakuniambia ningoje mwisho wa mwezi. Alinipa ya kula, iliyobaki akaitia kwenye kopo la maziwa lenye jina langu, na kila jioni tunaandika daftarini sote wawili tukiona. Akanionyesha bomba nyuma ya stoo nioge, na msumari wa kutundika shati. Shati la kazi, lisilolaliwa. Mtu akinuka wateja humkimbia, naye akiona wanamkimbia, harudi. Miezi miwili baadaye tukakodi chumba Kisauni, mie na mwenzangu mmoja.

Binti wa Likoni:
Dada, mimi nafanya kazi na familia za mitaani. Muulize kitambulisho kabla ya kitu chochote. Bila hicho hawezi kusajili laini ya simu, na bila laini hana M-Pesa. Hata Kazi Mtaani, ule mradi wa serikali wa kuwapa vijana kazi za usafi, ilipokuja mwaka 2020 malipo yalipitia kwenye simu, kwa hivyo asiye na kitambulisho aliwatazama wenzake wakifagia. Na kwako wewe unayeuza chakula, anayegusa vyombo anahitaji cheti cha afya, hupimwa upya kila miezi sita.

Kama alikuwa nacho kikapotea, ni rahisi zaidi: achukue abstrakti polisi, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba kimepotea, kisha aende Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali. Nambari haibadiliki na alama za vidole ziko kwenye rekodi. Kama hajawahi kupata kabisa na wazazi hajui waliko, jiandae kwenda kwa chifu zaidi ya mara moja. Nenda naye mwenyewe. Akienda peke yake na nguo zile, atasimamishwa mlangoni.

Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 Kenya nzima, na 7,529 kati yao ni wa hapa kwetu Mombasa. Kila mmoja ana jina, na wengi hawana karatasi ya kulithibitisha.

Fundi wa Changamwe:
Mama, nakuunga mkono, ila nami niseme langu. Ukijua anavuta gundi, usimuweke kwenye karai la mafuta. Nilimpa kijana msumeno kwa huruma wiki ya kwanza, akajikata kidole. Lile lilikuwa kosa langu. Muanzishe na maji na vyombo, mafuta yasubiri.

Mama Mbaazi:
Ahsanteni sana, wanangu. Leo nimekaa naye baada ya kufunga. Nimemuuliza jina lake, na nasikitika kwamba miezi saba yote nilikuwa nikimwita "wee kijana". Kitambulisho aliibiwa usingizini, lakini nambari anaikumbuka yote, akanitajia mara mbili bila kusita. Nilipomuuliza anataka nini zaidi ya mshahara, hakutaja pesa. Akaniomba aweke begi lake ndani ya kibanda usiku.

Begi limeshaingia, liko juu ya gunia la unga. Kopo nimelipata. Kesho nafunga saa tatu, twaenda polisi kuchukua abstrakti.