Wimbo wa dansi kwenye filamu yangu fupi, ruhusa naomba kwa nani?

Binti wa Kigamboni:
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza filamu fupi kuhusu baba yangu mdogo, muuza samaki pale Feri. Naigharamia mwenyewe, nashuti kwa simu na maiki ya kuazima. Kuna kipande anapara changu, redio yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli inapiga dansi la miaka ya themanini, naye anaitikia kibwagizo huku magamba yanamrukia usoni. Hicho sikikati hata kwa dawa. Bajeti ya muziki ni laki mbili, basi. Filamu siuzi, nataka kuiweka YouTube na kujaribu ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar. Sasa kama siuzi, na wimbo unasikika sekunde ishirini tu, bado nahitaji ruhusa?

Kijiwe Sinza:
Dada tumia tu. Daladala zote za mji huu zinapiga muziki, nani anaomba ruhusa?

Fundi Sauti:
Mkuu hapo juu usimpoteze mwenzio. Hizo habari za "sekunde kadhaa ni bure" ni za vijiweni, sheria haisemi hivyo. Na kutouza hakukufutii deni la ruhusa, kunakusaidia tu kuombea bei. YouTube nayo haibembelezwi: mfumo wake wa Content ID ukiutambua wimbo, mwenye rekodi anaweza kuchukua pesa za matangazo au kuifungia video. Matamasha nayo mengi yanakusainisha kwamba muziki wote umeulipia au umeruhusiwa.

Wimbo mmoja una haki mbili. Kuna utunzi, na kuna rekodi. Kwa dansi letu hapo ndipo pana kazi, maana bendi nyingi hazikuwa za wanamuziki wenyewe. Nuta Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Vyombo vya mwajiri, wapigaji waajiriwa, na kurekodi wanakwenda Radio Tanzania, ambayo leo ni TBC. Kwa hiyo mtunzi anaweza kukukubalia kwa moyo mweupe, na rekodi bado isiwe yake kukupa. Akiwa amefariki, haki za utunzi zinabaki kwa warithi miaka 50 baada ya kifo. Hapo jiandae kuketi na mke mkubwa, mke mdogo, na kijana aliyeko Mwanza asiyepokea simu.

Ningekuwa wewe ningetunga wimbo mpya wa mtindo uleule: solo, rithimu, besi, tumba. Uupitishe kwenye spika mbovu, utasikika wa zamani.

Binti wa Kigamboni:
Asante sana kaka, nimeelewa. Ila baba mdogo anaitikia wimbo anaoujua tangu ujana. Nikimwekea mwingine midomo haitalingana, na yeye mwenyewe atanicheka.

Fundi Sauti:
Basi rudi Feri, zima redio, mwache aimbe mwenyewe huku anapara. Rekodi imetoka kwenye hesabu, umebaki na utunzi peke yake. Laki mbili yako yote ipeleke kwa familia ya mtunzi. Kama hujui ni nani, anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, huko ndiko kazi zinakosajiliwa.

Mama Tumba:
Mimi ni mwimbaji, naongezea. Wanangu, msije na karatasi iliyoandikwa "naruhusu wimbo utumike" halafu basi. Andika jina la wimbo, jina la filamu, kipande gani, wapi itaonyeshwa (intaneti, matamasha, televisheni), nchi zipi, kwa muda gani, na shilingi ngapi. Televisheni iandike tangu sasa hata kama hujaipata, maana ikija, bei ya warithi nayo itapanda. Warithi wote wasaini, si yule mchangamfu peke yake.

Muziki wa mwisho majina yakipita chukua wa Creative Commons, yaani ule ambao mwenyewe ameshauruhusu utumike bure kwa masharti yake, ila ukiona herufi ND (hairuhusiwi kuubadilisha) uache. Kuupachika kwenye picha kunahesabiwa kuubadilisha.

Binti wa Kigamboni:
Shikamoo mama, nimenakili yote. Mtunzi ni marehemu, nimeambiwa binti yake yuko Temeke. Naanza na yeye Jumamosi. Kijiwe Sinza, wewe una pikipiki?

Kijiwe Sinza:
Ninayo. Mafuta yako.