Babu Mmormoni alikuwa na wake wangapi? Naombeni msaada

mama_wa_mapacha
Habari zenu wadau. Mume wangu ni mzungu wa Utah, Marekani, mimi wa Tanga, sasa mama mkwe kaniachia kazi ya kuandika habari za babu wa baba yake, eti nyie Waafrika mnajua mambo ya ukoo. Babu alizaliwa Denmark, akaingia Umormoni (dini iliyoanzia Marekani) hukohuko miaka ya 1850, akapitia Liverpool kupanda meli, akaishia Sanpete, kule Utah. Sensa ya 1880 nimemkuta ana mke mmoja na watoto watano, safi. Ila nyumba ya pili kutoka hapo kuna mama mwingine, jina la ukoo lilelile, kaandikwa ameolewa ila mume haonekani, ana watoto wanne na kitinda mimba kabeba jina la babu. Halafu mti wa ukoo wa FamilySearch, ile tovuti ya kutafuta ukoo, umempa wake saba!! Mama mkwe anawajua watatu. Nianzie wapi jamani

chogo
saba?? sisi mmoja tu anatutoa jasho 😂

mzee_wa_makaratasi
Dada, huyo jirani karibu nina hakika ni bi mdogo. Wamormoni walitangaza mitala hadharani 1852 na wake wengi walikuwa kila mmoja na mji wake, kama kwetu tu, kwahiyo karani wa sensa akipita anaandika nyumba mbili. Ila hao saba usiwabebe kichwa kichwa. Kuna wanawake waliunganishwa na mwanamume kwa ajili ya akhera tu bila kuishi naye hata siku moja, na wengine waliunganishwa wakiwa wameshakufa. Tena ule mti yeyote anaubadilisha, leo saba kesho tisa.
Mwache babu kwanza, fuata kina mama. Orodhesha watoto wote halafu tafuta vyeti vyao vya kifo, Utah ilianza kuandikisha vifo jimbo zima 1905 hivi, na cheti kina jina la mama wa marehemu. Aliyetoa taarifa anaweza akakosea, kwahiyo linganisha na sensa ya 1900, ile iliwauliza kina mama wamezaa wangapi na wangapi wako hai. Sensa ya 1890 usihangaike nayo, karibu yote imepotea.

binti_pwani
Na majina ya Kidenmaki yasikuchanganye, zamani mtoto alichukua jina la baba, mtoto wa Jens ni Jensen, binti ni Jensdatter, sawa na Juma bin Ali. Kwahiyo baba yake babu huenda ana jina tofauti kabisa, mtafute kwenye vitabu vya parokia, nyaraka za taifa la Denmark wameviweka mtandaoni bure. Na kama alivuka nyika kabla ya reli kufika Utah 1869, kanisa la Wamormoni lina orodha ya misafara ya 1847 mpaka 1868.

mama_wa_mapacha
Asanteni!! Nimepata vyeti vitatu vya wale watoto wa jirani, vyote baba ni babu. Ila baada ya 1885 bi mdogo simuoni tena pale kijijini, alikufa?

mzee_wa_makaratasi
Si lazima. Sheria ya Marekani ya 1882 ilimpa mwanamume hadi miezi sita jela au faini hadi dola 300, au vyote viwili, akikutwa anaishi na wake wawili, kwahiyo kina mama wengi walihamishwa miji mingine, wengine wakabadili majina. Mtafute kwa jina la baba yake.

mama_wa_mapacha
Duh. Kumbe ndio maana mama mkwe ana picha ya bibi mmoja hajui ni nani. Naigeuza nyuma leo usiku nione kama kuna maandishi.