Uzamili wa uhusiano wa kimataifa: tupeane uzoefu, nini kilikukaba zaidi?

Kalamu_Nzito:
Wakuu, habari za muda huu. Mdogo wangu kapata nafasi ya kusoma uzamili wa siasa za dunia na uhusiano wa kimataifa, kaniuliza swali moja tu: "Kaka, ugumu uko wapi?" Mambo mengi yakanirudia kwa mkupuo. Anayefuatilia habari za dunia kila siku anadhani keshajiandaa. Akiingia semina anakuta nani kampiga nani si hoja. Hoja ni kwa nini dola zinapigana, na ukijibu "kwa sababu ya mafuta" unaulizwa: ni ushahidi gani ungekufanya uache kuamini hivyo? Swali hilo lilinikaba kuliko mtihani wowote. Mliopita huko semeni, uzi mzima nitampelekea.

Mama_Tasnifu:
Kusoma. Kurasa juu ya kurasa, na kesho yake unatakiwa uwe na msimamo.

Jabali:
Mimi ni nadharia. Niliingia na hasira za Mkutano wa Berlin wa 1884–85, dola za Ulaya zikiwekeana kanuni za kujitwalia Afrika bila wenye ardhi kuwepo, halafu napewa kitabu cha 1979 cha Kenneth Waltz, mwananadharia wa Marekani. Anasema ukitaka kuelewa kwa nini vita havikomi usianze na tabia za viongozi wala aina ya serikali. Anza na mfumo wenyewe, ambao hauna serikali juu ya serikali. Na ndani ya mfumo huo wanaohesabika hasa ni wakubwa. Nilikaa na kile kitabu nikihisi bara zima limefutwa kwa sentensi moja.

Kilichonirudishia pumzi ni mwananadharia mwingine, Alexander Wendt, na makala yake ya 1992. Naye anakubali kwamba juu ya dola hakuna mkubwa, ila anasema hilo peke yake halizai uadui. Uadui na urafiki vinajengwa na jinsi dola zinavyotendeana. Kwenye makala nyingine, ya 1995, ana mfano ambao sijausahau: silaha 500 za nyuklia za Uingereza haziitishi Marekani kama 5 za Korea Kaskazini. Chuma ni kilekile, kilichobadilika ni anayekishika na mlivyozoeana naye. Hapo ndipo nilianza kuandika insha zangu mwenyewe badala ya kurudia za wengine.

Pwani_ya_Fikra:
Hapo kwa Wendt umenigusa mkuu. Hata mimi.

Mtu_wa_Namba:
Samahani Jabali, huo ni ushairi. Uwanja huu unahitaji takwimu. Wengi wanaanguka kwa sababu wanakimbia somo la mbinu za utafiti. Huwezi kusema demokrasia hazipigani zenyewe kwa zenyewe bila kuhesabu vita.

Jabali:
Haya, vita ni nini? Mradi wa Correlates of War, unaokusanya takwimu za vita, unataka vifo 1,000 vya vitani ndipo mapigano yaitwe vita. Vikiwa 990 tuwaambie nini wafiwa?

Mtu_wa_Namba:
Tuwaambie kwamba mtafiti lazima aweke mstari mahali fulani, na auweke wazi ili wewe uweze kuupinga. Ushairi wako haupingiki, na hilo ndilo tatizo lake.

Kalamu_Nzito:
Wakuu taratibu, mdogo wangu atasoma hapa.

Binti_Nyaraka:
Nilikuwa nasoma tu, ila mlipotaja ushahidi nimeshindwa kunyamaza.

Tasnifu yangu ilikuwa juu ya Libya 2011. Tarehe 10 Machi, Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lilikataa uingiliaji wowote wa kijeshi kutoka nje. Tarehe 17 Machi, New York, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio 1973, lililoruhusu nguvu za kijeshi kulinda raia wa Libya, kwa kura 10. Urusi, China, Ujerumani, India na Brazili walijizuia. Waafrika watatu waliokuwa mezani, yaani Nigeria, Gabon na Afrika Kusini, wote walinyoosha mkono kukubali. Sasa pigeni hesabu: azimio linahitaji kura 9. Wawili tu kati ya wale watatu wangejizuia, lingeanguka bila veto ya mtu yeyote. Kwa nini hawakujizuia? Ndilo lilikuwa swali langu lote.

Nikampata mwanadiplomasia mstaafu aliyekuwa karibu na mazungumzo yale. Sitamtaja wala nchi yake. Alisaini fomu ya ridhaa, akaongea mchana kutwa. Alichukua bahasha akanichorea ile meza ya Baraza, nani alikaa wapi, nani aliinuka kwenda kumnong'oneza nani kabla ya kura. Nilitoka pale nikiamini sura ya nne imekamilika.

Wakati nafanya masahihisho ya mwisho ukaja ujumbe: "Naomba uondoe kila nilichokwambia." Bila sababu. Na fomu yangu mwenyewe ilisema mhojiwa anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Sura ya nne ikabaki vichwa vya habari tupu. Nililia mpaka jirani akagonga mlango.

Pwani_ya_Fikra:
Eeh! Ukafanyaje?

Zege_Halilali:
Mimi ningemficha jina nikasonga mbele. Keshasaini, basi.

Mama_Tasnifu:
Zege, hapana. Waliokuwa karibu na mazungumzo yale hawajai basi moja. Ukiandika "mwanadiplomasia mmoja" wenzake watamjua kabla hawajamaliza aya. Ridhaa ikiondolewa imeondolewa.

Zege_Halilali:
Kuna kanuni ya Chatham House, unatumia habari bila kumtaja msemaji.

Mama_Tasnifu:
Hiyo mnakubaliana kabla ya kuongea. Huwezi kumvalisha mtu baada ya kujitoa. Na wewe uliyefundishwa maadili ya utafiti unajua.

Jabali:
Jamani mwacheni dada amalize.

Binti_Nyaraka:
Asante. Msimamizi wangu hakunipa pole, alinipa namba: S/PV.6498. Ni kumbukumbu ya kikao chenyewe cha tarehe 17, neno kwa neno, na iko wazi kwa yeyote. Wajumbe hueleza kura zao kikaoni. Nikaisoma sambamba na azimio lenyewe. Aya ya 2 inaitaja kamati ya ngazi ya juu ya Umoja wa Afrika. Aya ya 4 inakataza jeshi la kigeni la aina yoyote kuikalia ardhi ya Libya. Maandishi yaliachiwa nafasi ya kutosha ili mwenye wasiwasi naye apate pa kushika. Sikuweza tena kuandika walichowaza moyoni, kwa hiyo nilibadilisha swali: walijihalalishaje hadharani? Hilo nililijibu nikiwa na nyaraka mkononi, na kwenye utetezi mtahini alinibana hapo hapo kwa muda mrefu bila kuniangusha.

Mtu_wa_Namba:
Heshima yako dada. Ila naongeza: kura za Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nazo ziko wazi, miaka yote, zinahesabika.

Jabali:
Ameanza tena.

Kalamu_Nzito:
Mdogo wangu keshafika hapa, anauliza aanze na kipi kabla masomo hayajafunguliwa.

Mama_Tasnifu:
Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Ibara ya 2(4) inayokataza matumizi ya nguvu, ya 27 kuhusu kura za Baraza la Usalama, na ya 51 kuhusu kujilinda. Watu wanamaliza uzamili wakiutaja bila kuusoma.

Zege_Halilali:
Alale kwanza. Usingizi atautafuta baadaye.

Jabali:
Thucydides, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, pale Waathene wanapowaambia watu wa kisiwa kidogo cha Melos kwamba haki ni mjadala wa walio sawa kwa nguvu. Akikasirika, vizuri, aandike kwa nini.

Mtu_wa_Namba:
Takwimu. Nitasema mpaka mchoke.

Binti_Nyaraka:
Achague kikao kimoja cha Baraza la Usalama akisome mwanzo mpaka mwisho, na kila mjumbe amwandikie mstari mmoja: amesema nini na amepiga kura gani. Pale viwili hivyo visipolingana aweke alama. Akishindwa kuzipata kumbukumbu aniandikie faragha nimwelekeze.